Walimnusa Mama Mdomo

Kazi yangu ni kupiga video. Harusi, sendoff, kipaimara, na misiba ya wenye nacho. Chumba changu cha kazi kiko Shinyanga mjini, na wateja wangu wanatoka Ibadakuli, Kahama, mpaka Ushetu kule kwenye tumbaku, ambako wakiuza vizuri wanaoana kama wanashindana. Nayataja haya mapema ili ijulikane kwamba picha inayotikisika naijua. Nimegombana na kila kijana niliyewahi kumpa kamera kwa sababu ya picha inayotikisika.

Kwa hiyo siku mama yangu aliponipigia simu kutoka Rwamgasa akaniambia kwamba akitembea nyumba zinaruka, na akisimama zinatulia, nilimwelewa palepale. Alikuwa ananielezea picha iliyopigwa na mtu anayekimbia bila stendi. Mimi nilikuwa mbali, nikaelewa kwa simu. Waliokuwa wanakaa naye benchi moja kanisani hawakuelewa kwa sababu hawakumuuliza, na nikilifikiria hilo hadi leo napandwa na hasira.

Mama anauza chakula machimboni. Ugali wa dona, maharage, dagaa wa ziwani, na nyama siku ambayo duara limetoa, maana shimo likitoa dhahabu kila mtu anataka nyama. Amewalisha wachimbaji kutoka kila kona ya nchi hii, na amefanya kazi hiyo pembeni ya vibanda vya gongo miaka yote bila kuonja hata ya kulamba kidoleni. Ni mlokole wa zamani. Alikuwa anaongoza kwaya ya akina mama, na kwaya yao huingia kanisani kwa mwendo, mistari miwili, hatua mbele hatua pembeni, huku wanaimba. Yeye huwa wa kwanza, kitabu cha nyimbo kimefunguliwa mkononi, kwa sababu ndiye anayewatajia wengine ubeti unaofuata.

Mkosi ulianza na homa ya kawaida na maumivu ya kiuno. Akaenda duka la dawa la pale karibu na makarasha, yale ya kusagia mawe. Mwenye duka anaitwa daktari na kila mtu, ingawa hakuna anayejua alisomea wapi. Ana koti jeupe. Akautazama mkojo wa mama kwenye kichupa, akaunyanyua kwenye mwanga, akasema ni UTI sugu.

Machimboni kila mtu ana UTI sugu. Mtu akishinda amebeba viroba vya mawe mgongo ukamuuma, ni UTI sugu. Akinywa maji ya dimbwi tumbo likamkata, ni UTI sugu. Na tiba yake ni sindano, maana kule vidonge vinaonekana ni vya kubembelezea watoto. Mgonjwa akipewa vidonge anahisi amedharauliwa. Anataka kitu kinachoingia kwenye damu. Daktari alimchoma mama jenta, yaani gentamicin, asubuhi na jioni, homa ikashuka, kisha akamwambia waanze dozi nyingine ya kukata mizizi. Ilipoisha hiyo, akamwongezea tena, eti mizizi ilikuwa mirefu.

Dozi hizo ndizo zilizomharibu. Alianza kupanua miguu akitembea, anatazama chini muda wote, na jua likizama hawezi kwenda hata chooni bila kushika ukuta. Alirudi dukani akamwambia daktari kuwa anayumba. Daktari akamwambia dawa inafanya kazi.

Jumapili moja wakaingia na kwaya. Hatua mbele, hatua pembeni, na maandishi ya kitabu yakaanza kurukaruka. Mama akapoteza ubeti. Akasimama ili maandishi yatulie, wa nyuma yake wakamgonga, akashika benchi. Watu wakatazamana. Jumapili iliyofuata alianguka mlangoni, mbele ya kusanyiko zima, kitenge kikamvuka goti. Hakuna aliyemwinua. Aliinuka mwenyewe kwa kushika kizingiti.

Kesho yake wazee wa kanisa wakaenda kwake. Wazee wanne na mchungaji, na mmoja wa wazee hao alikuwa ni huyohuyo daktari. Wakamkuta anapepeta mchele. Wakaomba, wakakaa, kisha mchungaji akamwambia afumbue mdomo. Wakamnusa. Watu wazima waliokula ugali wake misibani wakainama mmojammoja, wakamnusa mama yangu mdomo kama vile mtu anavyonusa maziwa kujua kama yamechacha.

Hawakusikia harufu yoyote. Na daktari, aliyejua alichomchoma, aliyeambiwa kwa mdomo huohuo waliokuwa wanaunusa kwamba anayumba tangu sindano, akasema, "Gongo ya siku hizi haina harufu."

Wakamtenga. Katika kanisa letu aliyetengwa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, haimbi, hashiriki meza, wala hapewi mkono wakati watu wanapeana amani. Anakaa hivyo mpaka siku atakaposimama mbele na kuitaja dhambi yake kwa kinywa chake. Akifa kabla ya siku hiyo anazikwa bila mchungaji. Mama alinieleza hayo yote kwa simu kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya maharage, na nilipomuuliza kwa nini hakuniambia mapema akasema hakutaka niache kazi za watu.

Niliziacha. Nilipanda basi la Kahama, nikaunganisha la Geita, kisha pikipiki, na muda wote nilikuwa napanga maneno ya kumwambia daktari. Nilipofika, mama alikuwa anatoka kisimani na ndoo ndogo. Zamani alikuwa anabeba kubwa kichwani bila kuishika. Sasa ndogo aliishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili aliunyoosha pembeni, na miguu yake ilikuwa inatafuta ardhi. Wachimbaji wawili waliokaa kwenye rundo la kifusi wakacheka. Mmoja akasema, "Bi mkubwa leo ameanza mapema."

Niliwatukana. Sitaandika nilichowaambia.

"Waache," mama akasema. "Hawajui."

"Mayu, na wanaojua?" nikamuuliza. Kwa Kisukuma mama ni mayu.

Akaniomba nimshikie ndoo.

Dukani nilikwenda jioni hiyohiyo. Daktari alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, koti jeupe, anamhesabia mtu vidonge. Nilimwamkia kwa sababu nimelelewa. Akaitikia marahaba vizuri tu, akaniuliza habari za Shinyanga.

"Nimekuja kwa ajili ya mama," nikamwambia. "Ile dawa uliyomchoma imemfanya nini?"

"Imemponya UTI."

"Hawezi kutembea."

"Kijana wangu, dawa ileile nimewachoma watu wengi hapa. Mbona wao wanashuka kwenye maduara?" Kisha akainama chini ya kaunta. "Kama ni kizunguzungu, ipo sindano yake. Mlete kesho nimchome."

Nilishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili, maana nilijua nikiiachia itakwenda wapi. Nilitoka bila kuaga.

Kesho yake nilimpeleka mama Mwanza, kwa daktari wa masikio niliyeelekezwa na mteja wangu mmoja muuguzi. Mama hakuelewa kwa nini masikio, wakati anasikia hata mtu akinong'ona. Ndani ya basi alikaa dirishani, na mimi kwa mazoea ya kazi nikaanza kumtazama macho. Nguzo za umeme zilikuwa zinapita nje. Macho yake yalishika nguzo, yakaisindikiza polepole kuelekea nyuma, kisha yakaruka mbele ghafla kushika nyingine. Yakaisindikiza, yakaruka. Yeye hata hakujua. Nikawatazama abiria wengine waliokuwa dirishani, na macho yao yote yalikuwa yanafanya hivyohivyo. Nikajiambia macho ya mama ni mazima. Basi nini kimekufa?

Daktari wa Mwanza alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka lakini si mkali. Alimweka mama mbele ya ubao wenye herufi. Kichwa kikiwa kimetulia, mama alisoma mpaka mstari wa chini kabisa. Kisha daktari akakishika kichwa chake kwa viganja viwili, akakitikisa kidogo kulia na kushoto, akamwambia asome tena. Mama akasema herufi zimekuwa maziwa.

Halafu akamwambia amtazame puani asiachie, akakigeuza kichwa chake ghafla, kidogo tu, upande mmoja. Niliomba ruhusa nikapiga video kwa simu, ile ya mwendo wa polepole. Tukaiangalia wote watatu. Kichwa cha mama kilipogeuka, macho yake yalikwenda nacho. Yaliiacha pua ya daktari, kisha yakashtuka na kuruka kuirudia. Daktari akanikalisha mimi kwenye kiti, akanifanyia vilevile huku muuguzi akishika simu. Macho yangu hayakuiacha pua. Kichwa kilikwenda kulia, macho yakabaki pale yalipokuwa, kama yamegongewa misumari.

"Hukuyaamuru," daktari akaniambia. "Ndani ya sikio kuna kitu kinachohisi kichwa kikigeuka. Kinayaambia macho, nayo yanageuka upande wa pili, kiasi kilekile, kabla wewe hujafikiri. Ndiyo maana ukikimbia unaona njia imetulia."

Akaniambia ninyooshe kidole mbele ya uso wangu, nitikise kichwa. Kidole kilionekana vizuri, mpaka mistari yake. Akaniambia nitulize kichwa, nikitikise kidole kwa kasi ileile. Kikawa ukungu. Nikamweleza na nilichokiona kwenye macho ya mama ndani ya basi.

"Kufuata kitu kinachopita, macho yanaweza, ila polepole. Ndiyo maana uliyaona mazima kwenye basi. Lakini kichwa kikigeuka, macho ya mama hayapati taarifa. Anaona dunia yote kama ulivyokiona kidole chako sasa hivi." Kisha akamgeukia mama. "Mama, ulichomwa sindano gani?"

Mama alipotaja jenta, daktari aliweka kalamu chini. Akasema dawa ile inaokoa watu, lakini ina kipimo na ina mwisho, na ikizidi inaua kitu hicho cha sikioni. Niliuliza kitarudi lini. Akasema hakirudi. Mwili utajifunza kidogo, kwa mazoezi, kwa mwanga, kwa fimbo.

Mama akamwambia, "Wabeja sana." Daktari hakujua Kisukuma, lakini alijua ameshukuriwa, na nadhani hakupenda kushukuriwa kwa habari kama ile.

Nilidhani sasa tumeshinda. Nilikuwa na video, nilikuwa na maelezo, nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja milango. Tukiwa njiani kurudi, mama akaniambia, "Jumapili nitatubu."

"Utatubu nini?"

"Pombe."

"Mayu, hukunywa."

"Mungu anajua sikunywa. Lakini yaishe. Nimechoka kukaa mlangoni." Akageukia dirisha. "Amani inapofika, watu wanapeana mikono, mimi naangalia viatu vyangu. Wewe hujui."

Nilimgombeza mama yangu ndani ya basi, watu wakisikia. Nilimwambia akitubu atakuwa mlevi mpaka kaburini, na mimi mtoto wa mlevi, na daktari wa dukani atabaki mzee wa kanisa aliyemwombea mlevi. Nilimwambia ni afadhali azikwe na mimi peke yangu. Tulipokuwa tunashuka nilimpa mkono, akaushika, akasema, "Wewe unataka kushinda. Mimi nataka benchi langu."

Nikaenda kutafuta pikipiki, bado nimekasirika.

Jumamosi nilikwenda kwa mchungaji na simu yangu. Niliomba wazee wote wawepo, na walikuwepo. Niliwaonyesha video ya macho ya mama, kisha ya macho yangu, polepole, tena na tena. Niliwaonyesha nyingine niliyopiga asubuhi hiyo nikitembea kuelekea kanisani huku nimeishika simu ovyo kwa makusudi. Kanisa linaruka, mlango unaruka, msalaba wa juu ya paa unaruka. Niliwaambia hicho ndicho anachokiona mama akiingia na kwaya. Kisha nikawapa vitabu vya nyimbo, nikawaomba wasome huku wanatikisa vichwa.

Wakatikisa. Sebuleni kwa mchungaji, wazee watatu na mchungaji mwenyewe, miwani imeshuka puani, wanakataa kwa vichwa huku wanasoma kwa sauti beti za sifa. Walisoma zote bila kukosea. Mzee mmoja akasema taratibu, "Kumbe." Daktari hakutikisa kichwa chake. Alikuwa ameshika kitabu kimefungwa.

"Na wewe soma, mzee," nikamwambia.

"Naamini," akasema. "Hizi ni kazi za Shetani. Anashambulia watumishi."

"Shetani alivaa koti jeupe?"

Mchungaji akanyanyua mkono. Alisema amani iwepo. Alisema wameelewa kwamba mama ni mgonjwa, na kanisa litamrejesha kesho. Nilianza kushusha pumzi. Kisha akasema, "Ila kwa utaratibu wetu, aliyetengwa hawezi kurudi bila toba. Atasimama, atatubu kidogo tu, tutamsamehe."

"Mtamsamehe nini?"

"Kijana wangu, hata kama hakunywa, alikwaza watu."

Nilisimama. Nilisema wao ndio waliokwaza. Nilisema walimnusa mjane mdomo, wakamwona ameanguka wakatazama goti lake. Nilisema mengi, na sauti yangu ilifika barabarani, kwa sababu nilipotoka watu walikuwa wamesimama. Mchungaji hakubadilisha neno. Utaratibu ni utaratibu.

Jumapili niliketi na mama benchi la nyuma. Sikumuuliza atasema nini. Niliogopa jibu. Alikuwa amevaa sare ya kwaya, ambayo aliyetengwa haruhusiwi kuivaa, na alikuwa ameipiga pasi usiku. Kwaya iliingia bila yeye, mwingine akiwa mbele na kitabu. Walipomaliza, mchungaji akalitangazia kusanyiko kwamba dada yetu amerudi, na kwamba kanisa lina moyo wa kusamehe. Akamwita mbele.

Nilitaka kumshika. Aliusukuma mkono wangu, hakuchukua hata fimbo. Nikawasha simu kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Alitembea katikati ya mabenchi, miguu imepanuka, akigusa benchi moja kisha lingine, na safari hii hakutazama chini. Alikwenda upande, akarudi. Kila mtu aliona mwendo wenyewe kuanzia mlangoni mpaka madhabahuni, mchana kweupe, wa mwanamke aliyetoka kufunga na kuomba. Alipofika alisimama, akasubiri. Mimi nilijua anasubiri nini. Alikuwa anasubiri sura zetu zitulie.

"Nimeambiwa nitubu," akasema. "Nimetafuta tangu juzi, sijapata cha kutubu. Sikunywa."

Mchungaji akakohoa. Mama akaendelea, kwa sauti ileile ya bei ya maharage.

"Niliyumba mbele yenu, mkaninusa. Nilianguka pale mlangoni, mkanitazama. Nyie mna macho mazima. Hakuna hata mmoja aliyenishika mkono."

Aligeuka ili arudi, na kugeuka ndiko kunakomshinda kuliko vyote. Aliyumba, akatafuta benchi la mbele, mkono ukapita hewani. Daktari, aliyekuwa kwenye viti vya wazee pale pale, akasimama mbele ya kanisa zima na kumnyooshea mkono, na uso wake ulikuwa na huruma ya kuonekana na watu.

Mama akaliona benchi, akalishika.

"Kaa, daktari," akasema. "Wewe ulishanishika kwa sindano."

Hakurudi nyuma. Alikwenda kwenye benchi la kwaya, benchi lake, akakaa mwanzoni kabisa kama siku zote. Mwanamke aliyekuwa ameshika kitabu alimtazama mchungaji, kisha akasogea. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua tuimbe au tuombe.

Video hiyo ninayo. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kwa hasira na haifai hata kidogo, mabenchi yanaruka, watu wanaruka, mchungaji hana uso. Nina programu kwenye kompyuta inayoweza kuisawazisha yote kwa kubonyeza mara moja, na vijana wangu wameniuliza kwa nini siibonyezi. Nawaambia waiache hivyohivyo. Ndivyo mama anavyotuona.